Neno la mwisho katika jina la kampuni

Anayetaka kuyaona majina ya kampuni za Afrika Mashariki bila kuingia ofisi ya msajili na asimame kando ya foleni ya malori pale mpakani Malaba. Kila mlango wa dereva una jina, na karibu kila jina lina mkia: Ltd, Limited, Co. Ltd. Malori ya Kongo yana SARL. Mwenye kampuni mpya hana hiari na mkia huo. Sehemu ya mbele ya jina atabishania na nduguye mpaka usiku, lakini neno la mwisho sheria imekwisha kumchagulia.

Wengi hulisoma neno lenyewe kama pambo la heshima. Mtu akiona Limited kwenye kibao cha wakala wa forodha, hudhani hii ni kampuni kubwa, ya kuaminika. Asili yake ni kinyume kabisa. Bunge la Uingereza lilipoipitisha sheria ya mwaka 1855 iliyowakinga wenye hisa wasifilisiwe kwa madeni ya kampuni zao, liliweka sharti kwamba jina la kampuni ya aina hiyo liishie na neno Limited. Anayetaka kuikopesha alipaswa kuonywa mapema: ukiwadai hawa, unaidai kampuni tu, hutawafuata majumbani kwao.

Tuseme ndugu wawili wa Matayos wanafungua kampuni ya kununua mahindi Uganda na kuyauza Busia. Wanachukua hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja na kuzilipia zote. Biashara inaenda mrama, na kampuni inabaki na deni la shilingi milioni 2 kwa muuza mahindi wa Tororo. Mdai huyo ataishika mali ya kampuni: magunia yaliyosalia ghalani, mizani, fedha zilizoko benki. Shamba la urithi la hao ndugu hataligusa, ila mahakama ikigundua udanganyifu. Wao wamepoteza shilingi 100,000 walizoweka, na hapo ndipo kikomo chao. Benki zinaijua hesabu hii vizuri, na ndiyo maana meneja wa mikopo huomba wakurugenzi waweke dhamana zao binafsi kabla hajatoa hata senti. Hati ya shamba iliyotoka kwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa nyuma.

Nani aliumia kwa kulisahau neno hili? Mfano mmoja wa kale ni wa kampuni ya meli za mvuke ya Saltash, kusini magharibi mwa Uingereza. Katibu wake, Martyr, alitia saini hati ya kukubali deni kwa niaba ya kampuni, na katika hati hiyo jina la kampuni likaandikwa bila Limited. Kampuni ikashindwa kulipa. Mwaka 1858 mahakama iliamua kwamba Martyr alilipe deni hilo mwenyewe, kwani mdai hakuonywa. Neno moja lililosahaulika lilimgharimu mtu mali yake.

Sasa, Kiswahili kiliiteje kampuni hii? Yako majina kadhaa yanayozunguka. Kuna “kampuni ya dhima ndogo”, kuna “kampuni yenye ukomo wa hisa”, kuna “kampuni yenye dhima ya kikomo”. Mitaani Busia watu husema limitedi, basi.

Hilo la kwanza linapotosha. Dhima ya kampuni haina udogo wowote. Nakumatt Holdings Limited, duka kubwa ambalo jina lake lilitokana na magodoro ya Nakuru, lilianguka likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na kampuni ilidaiwa yote hadi shilingi ya mwisho. Wenye hisa ndio wanaowekewa mpaka. Neno “ndogo” linapima kiasi, ilhali sheria inachora mstari. La pili lina ukweli ndani yake, kwani linataja hisa, ambazo ndizo kipimo cha mpaka huo, lakini msomaji mgeni anaweza kudhani kwamba hisa zenyewe ndizo zilizopunguzwa. La tatu ndilo linalofaa zaidi, maana linataja kitu chenye mpaka na mpaka wenyewe. Wafaransa walifanya vivyo hivyo: ile SARL kwenye malori ya Kongo ni kifupi cha maneno yanayotaja dhima na kikomo chake, wakati Kiingereza kilibakiza “limited” peke yake na kumwachia msomaji ajaze limited ya nini.

Kikwazo cha “dhima” kiko shuleni. Mwanafunzi wa Nambale hukutana nayo kwanza kwenye somo la fasihi, pale anapoulizwa dhima ya methali au ya mhusika fulani, yaani kazi yake. Wanasheria wanaitumia kwa maana ya wajibu unaoweza kumbana mtu mahakamani. Maana hizi mbili ni ndugu, lakini mwandishi anayewaandikia wafanyabiashara afafanue mara ya kwanza: dhima, yaani wajibu wa kulipa.

Ipo pia kampuni ya umma, ambayo chini ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 jina lake huishia na plc. Ndiyo sababu Safaricom Limited ikawa Safaricom PLC. “Umma” hapa si serikali. Ni mkulima yeyote aliyenunua hisa zilipouzwa mwaka 2008.

Turudi kwenye sehemu ya mbele ya jina, ambako mwenye kampuni anaachiwa uhuru, japo uhuru wenyewe una mipaka. Siku hizi maombi hupitia eCitizen, mara nyingi kwa msaada wa kijana wa saiba, na huamuliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara. Mwombaji huwasilisha majina kadhaa kwa mpangilio wa anavyoyapenda. Jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa. Linaloashiria kwamba kampuni ni ya serikali ya taifa au ya kaunti linahitaji kibali, na anayetaka neno “benki” lazima aelewane kwanza na Benki Kuu. Jina likikubaliwa, huhifadhiwa kwa siku 30, na kampuni isiposajiliwa ndani ya muda huo, mwombaji anaweza kuomba nyongeza. Wanaolipa fundi wa kuchora kibao kabla ya kukubaliwa wanacheza kamari.

Jaribu kubwa Busia ni kuutia mji wenyewe ndani ya jina. Linasikika vizuri, na mteja anajua uko wapi. Lakini jina la mahali ni la wote. Ni vigumu kumzuia jirani asilitumie naye. Na hapa mji ni miwili. Iko Busia ya Kenya na iko Busia ya Uganda, na daftari la Nairobi halina nguvu ng'ambo ya lango la forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kilirahisisha safari ya mizigo. Hakikuunganisha madaftari ya majina. Jina lililohifadhiwa upande huu linaweza kusajiliwa Kampala na mtu mwingine asiyekujua kabisa.

Hata jina la mtaani na lile la cheti huweza kuachana. “Boda boda” ni neno linaloaminika kuzaliwa hapa hapa mpakani, kutokana na baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Kampuni ya Kampala iliyolijengea neno hilo programu ya simu inajulikana kwa abiria kama SafeBoda. Kwenye karatasi za kisheria za Uganda iliandikwa Guinness Transporters Limited. Hakuna ubaya katika hilo, mradi mikataba itiwe saini kwa jina la cheti, mkia wake ukiwemo.

Kwa hiyo anayefungua kampuni Mundika au Malaba leo atafute jina lake kwenye daftari la Nairobi na la Kampala pia kabla hajalipenda mno. Akinuia kuuza bidhaa kwa jina hilo, alisajili pia kama alama ya biashara katika kila nchi atakakouza.