Makazi ya Wastaafu nchini Marekani: Historia ya Unafuu na Usalama

Kijiji cha wastaafu, kwa maana inayotumika nchini Marekani, ni mtaa au mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuacha kazi, ambamo umri wa mkazi ni sharti la kununua au kupanga nyumba, na ambamo huduma za pamoja, kuanzia bustani hadi ukumbi wa mikutano, hulipiwa kwa ada maalumu. Makazi ya namna hii si mila ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 20, mzee asiye na watoto wa kumtunza aliishi kwa hofu ya kuishia katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na serikali ya mahali, na kimbilio lenye heshima lilikuwa ni makao ya makanisa au ya vyama vya kusaidiana, kama vile Moosehaven, iliyofunguliwa mwaka 1922 katika jimbo la Florida kwa ajili ya wanachama wazee wa Loyal Order of Moose. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ndiyo iliyogeuza mambo, kwa sababu pensheni ya kila mwezi ilipoanza kulipwa Januari 1940, mzee wa kawaida alipata kipato ambacho, ingawa kilikuwa kidogo, kilikuwa cha uhakika, na wajenzi wa nyumba hawakuchelewa kumwona kuwa mteja.

Tangu hapo mzee anayetafuta nyumba amekuwa na maswali mawili, yaani kama ataimudu na kama atakuwa salama ndani yake. Majibu ya maswali hayo yamepatikana mara chache katika nyumba yenyewe, na mara nyingi yamekuwa katika mambo ambayo mgeni haonyeshwi siku anapotembezwa, hasa ardhi iliyo jirani na maandishi ya mkataba.

Ardhi ilitangulia. Mwaka 1953 mji wa wakata magogo wa Ryderwood, katika jimbo la Washington, uliuzwa baada ya kampuni ya mbao iliyoujenga kumaliza kazi yake, na nyumba zake kuukuu zikatangazwa kwa wenye pensheni. Mwaka uliofuata Ben Schleifer alianzisha Youngtown, karibu na Phoenix katika jimbo la Arizona, kwa nia ya kuwapa wazee wa kipato cha chini nyumba ndogo ambazo wangeweza kuzilipia bila kuwategemea watoto wao. Miji yote miwili ilikuwa nafuu kwa sababu moja, nayo ni kwamba ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye kwenda kazini kila asubuhi asingependa kuishi.

Del Webb, mkandarasi aliyekwisha kujulikana kwa majengo makubwa, aliifuata hesabu hiyo hiyo kwa kiwango ambacho hakikuwa kimejaribiwa. Mwaka 1959 kampuni yake ilipata takriban ekari 20,000 za mashamba magharibi mwa Phoenix, kwa wastani wa dola 750 kwa ekari, na tarehe 1 Januari 1960 ikafungua Sun City. Tofauti na wauza viwanja wa Florida na Arizona waliozoea kuuza ahadi, Webb alikwisha kujenga uwanja wa gofu, maduka na kituo cha burudani kabla ya kumfungulia mnunuzi wa kwanza mlango, na umati uliokadiriwa kuwa watu 100,000 ulifika katika siku chache za mwanzo kutazama nyumba tano za mfano. Uamuzi huo unastahili sifa, kwa kuwa mtu mwenye umri wa miaka 65 hana muda wa kungoja bwawa la kuogelea lililochorwa kwenye karatasi.

Hata hivyo, unafuu wa ardhi ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na harufu. Kusini mwa Sun City kulikuwa na mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, yaliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo baadaye yalimilikiwa na kampuni ya Spur Industries. Mji ulipokuwa ukitanuka kuelekea kusini, mazizi nayo yalikuwa yakitanuka, hata kufikia Desemba 1967 mali za pande hizo mbili zilitenganishwa, mahali fulani, na futi 500 tu, yaani takriban mita 150. Mazizi yalikuwa na ng'ombe kati ya 20,000 na 30,000, ambao kwa siku moja walitoa zaidi ya ratili milioni moja za mavi mabichi, sawa na tani 450 hivi, na wakazi wa sehemu ya kusini walishindwa kukaa nje ya nyumba zao kwa sababu ya nzi na uvundo. Webb alifungua kesi, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Arizona ilitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wa Marekani wanaisoma hadi leo: mazizi yaondolewe kwa kuwa yanadhuru afya ya watu, lakini Webb alipe gharama stahiki za kuyahamisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaleta watu karibu na kero ambayo tayari ilikuwepo. Hivyo mahakama ilitambua kwamba bei ndogo aliyolipa mwendelezaji ilikuwa na deni ndani yake, na kwamba deni hilo halikupaswa kubebwa na mzee aliyenunua nyumba.

Deni jingine la unafuu lilibebwa na majirani. Sun City haikuwa na watoto wa shule, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya wilaya ya elimu ya Peoria, na kati ya mwaka 1962 na 1974 kura za wakazi wake zilisaidia kuangusha mapendekezo 17 ya hati fungani, ambazo ni mikopo ya kujengea shule inayolipwa kwa kodi ya majengo, hadi mji huo ulipoondolewa katika wilaya hiyo. Kwa mstaafu mwenye pensheni isiyopanda, kura ya hapana ilieleweka. Kwa mtoto wa Peoria aliyesoma katika darasa lililofurika, haikuwa haki.

Usalama ulipata sura nyingine huko California, ambako Ross Cortese alifungua Leisure World ya Seal Beach mwaka 1962, ikiwa imezungushiwa ukuta na kuwekewa walinzi malangoni. Kilicho muhimu zaidi ya ukuta huo ni muundo wa umiliki. Nyumba nyingi humo zilikuwa za ushirika, maana yake ni kwamba mkazi hakununua nyumba bali alinunua hisa katika shirika linalomiliki majengo, hisa ambayo ilimpa haki ya kuishi katika nyumba mojawapo na wajibu wa kuchangia mkopo na matengenezo kila mwezi. Mfumo huo ulishusha bei ya kuingilia, lakini ulimfunga kila mkazi katika hesabu za wenzake.

Aina ya mkataba iliyowaumiza wazee kuliko zote ilikuwa ile ya matunzo ya maisha, ambapo mzee hulipa fedha nyingi kwa mkupuo, wakati mwingine akiba yake yote au thamani ya nyumba aliyoiuza, naye huahidiwa chumba, chakula na uuguzi hadi kufa. Ahadi hiyo inategemea makisio ya miaka ambayo wakazi wataishi na ya kupanda kwa gharama, na makisio yakikosewa, mwendeshaji hushawishika kuwahudumia wakazi wa zamani kwa malipo ya kiingilio ya wakazi wapya. Ndivyo ilivyotokea kwa Pacific Homes, shirika lenye uhusiano na Kanisa la Methodisti lililoendesha makao katika majimbo ya California, Arizona na Hawaii. Wazee waliishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 ukazidi, na mwaka 1977 shirika likaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Watu waliokwisha kulipia maisha yao yote walitakiwa kulipa tena, katika umri ambao hakuna mwajiri anayempokea mtu, na kesi waliyoifungua dhidi ya kanisa ilimalizwa mwaka 1980 kwa makubaliano ya takriban dola milioni 21. Baada ya hapo majimbo mengi yalitunga au kukaza sheria zinazomlazimu mwendeshaji kupata leseni, kuweka akiba na kumpa mnunuzi taarifa za fedha kabla ya kutia saini.

Kwa wasio na fedha za mkupuo kulikuwa na nyumba za kuhamishika, zinazotengenezwa kiwandani na kuwekwa kwenye kiwanja ambacho mara nyingi ni cha mtu mwingine. Mzee humiliki kuta lakini hupanga ardhi, na kodi ya kiwanja ikipanda hawezi kuondoka kwa urahisi, maana gharama ya kuihamisha nyumba hiyo inaweza kumshinda. Udhaifu wa majengo hayo ulidhihirika tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida na kuharibu nyumba 1,167 kati ya 1,176 za aina hiyo katika mji wa Homestead, na kanuni za serikali kuu kuhusu uimara wake dhidi ya upepo zilikazwa mwaka 1994.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake tangu mwaka 1959, kupitia kifungu cha 202 cha Sheria ya Makazi, kilichotoa mikopo kwa mashirika yasiyo ya faida yaliyojenga nyumba za wazee. Wapangaji wa kipato cha chini katika nyumba hizo leo hulipa kodi ya pango isiyozidi, kwa kawaida, asilimia 30 ya kipato chao, na huo ndio unafuu wa kweli, kwa kuwa kodi hufuata mfuko wa mzee badala ya soko. Haujatosheleza mahitaji, na orodha za wanaosubiri ni ndefu.

Kwa upande wa vijiji vya kibiashara, sheria ya mwaka 1988 iliyokataza kuwabagua wenye watoto katika makazi iliviruhusu kuendelea na sharti la umri ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zilikuwa na mtu wa miaka 55 au zaidi, na ikiwa vilitoa huduma na vifaa vya maana kwa wazee. Mwaka 1995 Bunge la Marekani liliondoa sharti hilo la pili. Tangu hapo kijiji kinaweza kujitangaza kihalali kuwa ni cha wazee bila kuwa na muuguzi, gari la kuwapeleka hospitali, wala hata kishikio cha mkono bafuni.