Mamlaka, Jina na Lugha katika Ungoni

Mkazi wa Ruhuwiko, Songea, ajiitapo Mngoni, hutaja jina lililoletwa na watawala kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Watawala hao waliwapa wenyeji jina lao na vyeo vya nkosi na nduna, lakini lugha yao wenyewe ilififia. Kingoni cha leo kimetokana na lugha za waliotawaliwa. Wajerumani nao walimnyonga nduna Songea Mbano mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Jina lake limebaki kwa mji, na Kiswahili kikachukua kwao shule na hela. Basi tuundapo istilahi tukumbuke: amri hutangaza neno, lakini wasemaji ndio hulipa uhai.