Ajuza Aliyetangulia: Nayeche na Maana ya Uanzilishi Turkana

Utangulizi

Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, imeingia katika historia ya Kenya kwa mlango wa gereza. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953, Jomo Kenyatta alifungwa huko pamoja na Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba, hadi alipohamishiwa Lodwar mwaka 1959. Kabla yao, mwaka 1918, Waingereza walikuwa wametuma msafara wa kijeshi wa Labur kuwatiisha Waturkana wa kaskazini. Katika historia ya aina hii watu hupelekwa Lokitaung. Hakuna anayehesabiwa kuwa wa huko.

Waturkana wanayo simulizi yao kuhusu jinsi nchi ya Turkana ilivyopata wenyewe, na kiini chake si jemadari bali ni bibi kizee mwenye njaa. Makala haya yanadai kwamba simulizi hiyo ina nadharia kamili ya uanzilishi: nchi humilikiwa kwanza na anayejua chakula chake. Nadharia hiyo inatudai tumtazame upya nyanya wa kijijini wa leo.

Simulizi na nasaba

Simulizi inaanzia kwa Wajie wa Karamoja, Uganda. Vijana wanamfuata ng'ombe aliyepotea, wanateremka hadi bonde la Tarash, na huko wanamkuta ajuza wa kwao, Nayeche, akiishi peke yake kwa kuchuma matunda ya porini. Anawakaribisha na kuwaonyesha neema ya bonde. Wanaporudi nyumbani wanawashawishi wenzao wahamie. Mlima Moru Anayeche unabeba jina lake mpaka leo. Mwanahistoria John Lamphear alikusanya masimulizi haya kwa Waturkana na Wajie. Mustafa Kemal Mirzeler akayatolea kitabu mwaka 2014, akionyesha kuwa kwa Wajie Nayeche ni binti aliyefuata nyayo za fahali wa kijivu, Engiro. Umri wake hubadilika kulingana na msimulizi. Lisilobadilika ni kwamba mwanamke ndiye aliyetangulia kufika, na alikwisha kujua kuishi pale kabla mkuki wowote haujafika.

Je, kila nyanya wa Lokitaung ni mzao wa Nayeche? Kwa damu, hapana. Jina la Ngissiger, mojawapo ya matawi ya Waturkana wa kaskazini, linawakumbusha Wasiger, watu waliokuwepo kabla na ambao, kwa maelezo ya Lamphear, walimezwa na Waturkana waliokuwa wakitanuka. Kwa hiyo nyanya wa huko anaweza kuwa na mababu walioikuta nchi na mababu walioijia, wote katika nyumba moja. Akisema yeye ni wa Nayeche, hataji cheti cha kuzaliwa; anadai urithi wa ujuzi. Madai hayo yanaweza kupimwa.

Elimu ya kiangazi

Yapimwe kwa miti. Mbegu za edapal haziliki mpaka zichemshwe kwa saa nyingi huku maji yakimwagwa na kubadilishwa; atakayeharakisha atadhurika. Matunda ya mkoma, ambao Waturkana huuita eengol, hutwangwa unga. Maganda ya ewoi, mgunga wa kando ya mito, huokotwa kwa ajili ya mbuzi majani yanapokwisha. Miti hiyo ina wenyewe: ekwar, yaani sehemu ya ukingo wa mto ambayo familia hutambuliwa kuwa na haki ya kuitumia, na haki hiyo hurithiwa. Anayekumbuka mpaka wa ekwar unaanzia mti gani, na mwaka wa Lopiar, ukame uliofagia mifugo karibu na 1980, watu walikula nini, mara nyingi ni mwanamke mzee.

Serikali humjua mwanamke huyu kwa sura nyingine. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni haki, na misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022 ilionyesha jinsi inavyohitajika. Lakini daftari la malipo lina nafasi ya umri tu. Halina nafasi ya anachokijua. Kwa hesabu hiyo nyanya ni mdomo wa kulishwa, ilhali Nayeche alikumbukwa kwa kuwa aliwalisha wageni.

Pingamizi

Yapo pingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba matunda ya porini hayawezi kulisha idadi ya watu ya sasa. Ni kweli, na hakuna anayependekeza edapal ichukue nafasi ya mahindi ya msaada. La pili ni kwamba pori lenyewe limebadilika: mathenge, mti ulioletwa kwa miradi ya kuzuia jangwa, umesonga kingo za mito na kuiziba migunga. Lakini pingamizi hili linaipa hoja yetu nguvu. Mti wa asili ukifa, ushahidi wa ekwar unabaki katika kumbukumbu ya aliyewahi kuokota maganda chini yake.

Hitimisho

Hapa ndipo nadharia ya Nayeche inapogusa sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zisajili ardhi zao, na usajili huibua maswali ya nani anatumia nini na wapi. Ikiwa maswali hayo yataulizwa kwenye mkutano wa wanaume chini ya mti, ramani itaonyesha malisho na visima, na ekwar huenda isionekane. Kamati ya ardhi iliyo makini itembee kwanza ukingoni mwa mto na bibi kizee, taratibu kwa mwendo wake, aonyeshe mti mmoja baada ya mwingine. Vijana wa Kijie nao walionyeshwa nchi hivyo hivyo.