Kukatika kwa mkanda wa taimingi

Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha kranki na kamshafti: kranki ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Kwenye injini ya dizeli 1HZ ya Toyota Land Cruiser, gari la kutegemewa katika matope ya njia ya Kisangani–Bafwasende–Niania, pampu ya dizeli huendeshwa na gia, si na mkanda huo.

Mkanda ukikatika, injini huzima ghafla. Stata huizungusha kwa wepesi usio wa kawaida: vali zilizogongwa na pistoni zimepinda, kompresheni imepotea.

Kosa baya kuliko yote ni kufunga mkanda mpya na kuwasha. Silinda hedi ishushwe kwanza, vali zikaguliwe, roli ya kukaza ibadilishwe. Mkanda mpya ukifungwa na alama za taimingi zikishalingana, fundi azungushe kranki kwa spana mizunguko 2 kamili; ikikwama, asiwashe.