Tarime na Serengeti: Kura Zilizodai Hesabu

Katika Uchaguzi Mkuu wa Desemba 2005, Jakaya Kikwete wa CCM alizoa zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais, na Chadema ikaambulia majimbo matano tu ya ubunge nchi nzima. Moja kati ya hayo lilikuwa Tarime, lililomchagua Chacha Wangwe. Wakati huo, na hata leo, wapo waliolieleza tukio hilo kwa kusema Wakurya wa huko ni wakorofi kwa asili. Maelezo hayo ni mepesi na hayawatendei haki watu wale. Mkurya amekulia kwenye ritongo, mkutano wa hadhara ambapo jambo husemwa mbele ya watu na mhusika akatakiwa kujibu. Aliyelelewa hivyo hawezi kuridhika na mbunge anayeonekana wakati wa kugawa fulana na kanga.

Maswali yalikuwepo, na mazito. Nyamongo, wilayani Tarime, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wakijipatia riziki kwa sururu na karai, mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi ukapita mikononi mwa Placer Dome, kisha mwaka 2006 ukawa wa Barrick. Wananchi wa Kewanja, Nyangoto, Kerende na vijiji jirani wakataka kujua fidia ilikokotolewa vipi, dhahabu inatoka kiasi gani, na ushuru unaoingia halmashauri unajenga nini. Mwaka 2009 likaongezeka la maji ya Mto Tigithe, baada ya majitaka ya mgodi kuvuja. Kila swali lilipelekwa wilayani, likatumwa mkoani, likafika Dodoma, na aghalabu halikurudi na jibu.

Wangwe aliyabeba maswali hayo bungeni. Lakini jambo linalomfanya akumbukwe kuliko wengine ni kwamba alidai hesabu hata ndani ya chama chake. Akiwa makamu mwenyekiti wa Chadema Bara, alihoji uendeshaji wa chama na matumizi ya fedha zake, na katikati ya mwaka 2008 akasimamishwa wadhifa huo. Wiki chache baadaye, Julai 28, 2008, alifariki katika ajali ya gari eneo la Pandambili akielekea Dar es Salaam kutoka Dodoma. Tarime ilitikisika. Katika kampeni za uchaguzi mdogo, Mchungaji Christopher Mtikila wa DP alipigwa mawe jukwaani. Oktoba mwaka huo wapiga kura walimpeleka bungeni Charles Mwera, wa Chadema vilevile, aliyekuwa mwenyekiti wa halmashauri.

Anayedhani kwamba Tarime iliolewa na Chadema aangalie mwaka 2010. Upinzani ulipopanda kwingi nchini, Tarime ilirudi CCM na kumchagua Nyambari Nyangwine, mwandishi na mchapishaji wa vitabu. Kwangu, huu ndio ushahidi mkubwa kwamba hapa rangi ya bendera haikuwa hoja. Watu walibadilisha wakala kwa sababu kazi waliyomtuma wa kwanza haikukamilika.

Miezi michache tu baada ya hapo, Mei 16, 2011, polisi waliwafyatulia risasi wananchi walioingia mgodi wa North Mara kutafuta mawe ya dhahabu, na watu watano wakauawa. Serikali na mgodi waliwaita wavamizi. Ndugu zao walitaka uchunguzi kabla ya maziko. Tundu Lissu na Esther Matiko, wabunge wa Chadema waliokwenda kusimama na wafiwa, walikamatwa. Hakuna tukio lililoshusha imani ya watu kwa Serikali katika eneo lile kama hilo. Baadhi ya walioumizwa na waliofiwa katika matukio ya mgodi huo walikata tamaa na vyombo vya nyumbani, wakafungua kesi London, ambayo iliishia kwa suluhu nje ya mahakama mwaka 2015. Wengine baadaye walikwenda mahakamani Ontario, Canada. Watu waliokuwa na mwenyekiti wa kijiji, diwani, mbunge na mkuu wa wilaya walilazimika kuvuka bahari kutafuta mtu wa kuwajibu.

Mwaka 2015 kura iligeuka tena, safari hii kwa kishindo. Jimbo la Tarime lilikuwa limegawanywa. Matiko akashinda Mjini, John Heche akashinda Vijijini, wote wa Chadema. Serengeti nayo ikamwangusha Dk. Stephen Kebwe wa CCM na kumchagua Marwa Ryoba Chacha. Mugumu, makao makuu ya Serengeti, haina mgodi kama Nyamongo, ila ina deni lake: barabara ya lami ya Makutano hadi Natta na Mugumu iliyosuasua miaka na miaka, na tembo wanaotoka hifadhini na kumaliza shamba usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia iliyouliwa mtu na mnyamapori. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho, nayo huchelewa mno.

Kisha Septemba 2018 Ryoba akahamia CCM, katika wimbi la wale waliosema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, akarudi bungeni kwa tiketi ya chama kipya. Mwita Waitara, mzaliwa wa Tarime, alikuwa amefanya hivyohivyo akiwa mbunge wa Ukonga, Dar es Salaam, miezi michache kabla. Mpiga kura wa Natta aliyepanga foleni juani mwaka 2015 hakuulizwa.

Hapo ndipo panaponiuma. Rasimu ya pili ya Katiba, iliyotolewa Desemba 30, 2013 na tume ya Jaji Joseph Warioba, mwana wa Bunda hapo jirani, iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Bunge Maalumu lilikiondoa kifungu hicho mwaka 2014. Mbunge akihama chama, Katiba iliyopo inamvua kiti; akiwatelekeza waliomchagua, haina la kumfanya hadi uchaguzi ujao.

Na uchaguzi wenyewe ukaanza kubana. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa mshindi katika majimbo yote matatu: Waitara Tarime Vijijini, Michael Kembaki Tarime Mjini na Amsabi Mrimi Serengeti. Nchi nzima Chadema ilibaki na jimbo moja. Lakini maswali hayakuhamia popote. Vigingi vya mpaka wa Hifadhi ya Serengeti vilipogusa mashamba na malisho ya watu wa Gorong'a, Nyanungu na Kwihancha, Waitara, sasa mbunge wa chama tawala, alijikuta akisimama bungeni kulalamika kama walivyolalamika waliomtangulia.

Januari 2025 mkoa zilimo Tarime na Serengeti ulipata heshima isiyo ya kawaida. Ndani ya siku chache Stephen Wasira wa Bunda alichaguliwa makamu mwenyekiti wa CCM Bara, na Heche akachaguliwa kwenye kiti kama hicho Chadema, kile alichokalia Wangwe. Aprili, Chadema ilizuiwa kushiriki uchaguzi baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ikidai mabadiliko kwanza, na Lissu, mwenyekiti wake, akashtakiwa kwa uhaini. Oktoba 29 wananchi wa Tarime na Serengeti walipewa karatasi ya kura isiyo na chama walichokitumia tangu 2005 kuibana Serikali. Fidia za Nyamongo, vigingi vya Nyanungu na kifuta jasho cha Mugumu bado viko mezani.