Vijana Wetu ni Nani? Habari ya Vyama vya Kusaidia Elimu Ukaguru



Katika mikutano yetu maneno "vijana wetu" hutajwa mara nyingi. Tunasema tuwasaidie vijana wetu wasome, tuwachangie vijana wetu. Ni maneno mema, lakini historia ya sehemu hizi za Berega na Mamboya yatuonyesha kwamba maana yake imebadilika kila kizazi. Waliotutangulia walijiuliza vijana wetu ni nani, nao walijibu kwa namna mbalimbali. Yafaa tuyafahamu majibu hayo kabla hatujaanza kukusanya hata shilingi moja.

Jibu la kwanza lilikuwa ukoo. Kwa desturi ya Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya mahari, urithi na mashauri. Hakuna aliyedhani kwamba malezi ni kazi ya baba na mama peke yao. Wazee wetu walijua kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Kisha wakaja wamisheni wa CMS. Walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kufikia mwaka 1880 walikuwa wamekwisha kufungua kituo Mamboya. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Berega nayo ikawa kituo baadaye, na shule ndogo ndogo zikaenea vijijini. Shule ilileta deni ambalo desturi haikuwa imempangia mtu. Je, karo ni juu ya baba anayemlea mtoto, au ni juu ya mjomba mwenye ukoo? Kijana ambaye baba na mjomba wake wote walikosa uwezo, au walitegeana, alibaki nyumbani akichunga na kulima.

Jibu la pili lilikuwa kabila. Katika miaka ya 1950 vijana wachache wa Ukaguru waliokuwa wamepata elimu waliunda Chama cha Wanafunzi wa Ukaguru. Mwanazuoni wa Marekani T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti wake huku mwishoni mwa miaka hiyo, alikiandikia habari mwaka 1961. Vijana hao wanastahili heshima. Waliona kwamba kusoma si jambo la kumfaa msomaji peke yake, na kwamba aliyetangulia ana wajibu kwa anayefuata. Kwa maana hiyo sisi wahitimu ni warithi wao.

Lakini Beidelman alikieleza chama hicho pamoja na kingine kilichoitwa Umwano. Huo ulikuwa umoja wa wakulima wa Kikaguru waliojikusanya kujikinga na wizi wa mifugo, nao waliwalaumu wafugaji wa Kiparakuyo kwa wizi huo. Vyama hivi viwili havikuwa na kazi moja, kwa kuwa kimoja kilikuwa cha wasomi na kingine cha ulinzi. Hata hivyo yeye aliviweka katika fungu moja, yaani vyama vya kikabila. Jina lenyewe la chama cha wanafunzi lilikuwa limekwisha kuchora mpaka. Mtoto wa Kiparakuyo aliyeishi bonde hilo hilo na kunywa maji ya mto huo huo hakuwa miongoni mwa "vijana wetu".

Wakati huo huo jibu la tatu lilikuwa likitokea Dar es Salaam. Mwaka 1955 iliundwa TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, kikiwa bega kwa bega na TANU. Nafasi za shule zilikuwa chache mno. Hata mwaka wa uhuru, 1961, wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima hawakufika 12,000. Wazazi wa TAPA hawakungoja. Walijenga shule za miti na udongo, wakatafuta mwalimu, wakamlipa kwa ada ndogo ndogo. Shule nyingi kati ya hizo zilikuwa dhaifu, na serikali ilikuwa na haki ya kuhofia ubora wake. Lakini TAPA haikuuliza mtoto ni wa ukoo gani. Iliuliza kama ana umri wa kusoma na kama hana shule. Jumuiya ya Wazazi ya leo chimbuko lake ni huko.

Baada ya uhuru taifa zima lilifuata jibu hilo. Tangu Januari 1962 shule zilizogawanywa kwa rangi ziliunganishwa katika mpango mmoja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya uendeshaji wa serikali, ili mtoto asizuiwe kwa sababu ya dini yake. Kijana wa Kilosa alipelekwa kusoma Tabora, na wa Bukoba akaletwa Morogoro. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi. Vijiji vilifyatua matofali kwa ajili ya watoto wa kijiji kizima.

Huenda msomaji akasema kwamba basi swali limekwisha kujibiwa. Halijaisha. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 30. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, maji na mifugo, wala shule haikuwa chanzo chake. Lakini ni lazima tujiulize: ni wangapi kati ya waliopigana siku ile walipata kukaa dawati moja na mtoto wa upande wa pili?

Tangu mwaka 2004 mpango wa maendeleo ya sekondari umeleta shule za kata, na wananchi wamezijenga kwa jasho lao. Tangu Januari 2016 ada imefutwa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni hatua kubwa, ila wako waliodhani kwamba kazi ya wazazi na wahitimu imekoma. Ada imeondoka, lakini chakula cha mchana, sare, taa ya kusomea na mwendo mrefu wa miguu havikuondoka. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Ruhusa peke yake haimleei mtoto wake wala haimnunulii daftari. Je, yeye naye ni katika "vijana wetu"?

Siku hizi kuchanga ni rahisi. Mhitimu aliye Mbeya au Muscat hutuma fedha kwa simu kabla chai haijapoa. Kwa sababu hiyo ni rahisi pia kuwa na mfuko usio na msimamo, ambao humfaa mpwa wa mwenye sauti na kumsahau mtoto wa mfugaji. Kwa hiyo hatuna budi kukubaliana kwanza juu ya misingi, tuiandike, kisha ndipo tuchange. Msaada utolewe kwa kuangalia shida, bila kutazama ukoo, kabila, dini wala jinsia. Hesabu zisomwe hadharani, mbele ya wahitimu na wanafunzi. Na kila atakayesaidiwa ajue kwamba deni lake hatalilipa kwetu. Atalilipa kwa mwanafunzi atakayemfuata.

Nanyi wanafunzi, msingoje mhitimu. Anayejua hesabu amfundishe asiyejua leo jioni, na anayekaa karibu na shule amkaribishe mwenzake anayetoka mbali. Vijana wa miaka ya 1950 walianza wakiwa wachache. Tuuchukue moyo wao wa kujitolea, bali mpaka waliouchora tuufute.