Mamba, Mgeni na Mteka Maji

Leo twataka kuzungumza habari za mamba, nasi tutaanzia Nkololo, katika wilaya ya Bariadi, nchi ya Wasukuma. Labda msomaji atauliza: "Nkololo ni nchi ya pamba na ng'ombe, tena iko mbali na ziwa. Watu wake wana habari gani na mamba?" Swali hilo ni zuri. Mvua inyeshayo pande zile hushuka kwa vijito hata mitoni, na mito hushuka magharibi hata Ziwa Victoria. Na upande wa mashariki iko Hifadhi ya Serengeti, upitamo mto Grumeti, ulio maarufu kwa mamba wake wakubwa. Basi mtu wa Nkololo akaa kati ya ziwa na Grumeti. Mtoto wake akienda kumzuru shangazi yake pwani ya Magu au Busega, siku ya pili atapewa ndoo na kutumwa maji.

Mwaka 1875 msafiri Stanley alifika Kageyi, penye Ghuba ya Speke, na tarehe 8 Machi akaingia katika mashua yake, Lady Alice, ili alizunguke ziwa. Alipouona mto Simiyu alidhani kwamba ndio chanzo cha Nile kilicho mbali kabisa upande wa kusini. Baadaye ilijulikana kwamba maji ya mto Kagera yatoka mbali zaidi. Lakini neno moja lilikuwa kweli: maji ya Usukuma hufika Misri. Na mamba wa maji hayo wataalamu humwita Mamba wa Nile.

Mnyama huyu aweza kupita urefu wa mita 5. Macho na matundu ya pua yako juu ya kichwa, hata aweza kukuona na kupumua huku mwili wote umezama. Tena ana subira. Aweza kukaa siku nyingi bila kula, akiangalia ni saa ngapi watu huja kuteka maji, na ni mahali gani huinama.

Sasa na tuvuke ziwa hata Uganda, maana huko liko jambo la kutufundisha. Katika miaka ya 1920 na 1930, pwani iliyo baina ya Kampala na Entebbe, alikuwako mamba aliyeitwa Lutembe. Wavuvi walimwita kwa jina, naye akatoka majini, akapewa samaki, na wageni waliokuja matembezi wakamtazama na kumpiga picha. Wengi walirudi mjini wakisema, "Kumbe mamba hufugika!" La, hawakuelewa walichokiona. Lutembe alikuwa amejifunza jambo moja tu: kwamba mtu asimamaye ukingoni ana chakula. Kwa mamba mwingine, penye maji mengine, mafundisho hayo ni hatari kubwa.

Na hatari hii haiko kwetu peke yetu. Huko Marekani yuko jamaa ya mamba aitwaye aligeta, mwenye mdomo mpana. Katika jimbo la Florida sheria yakataza watu kumlisha, kwa sababu hiyo hiyo tuliyoitaja. Hata hivyo, mwezi Juni mwaka 2016, mtoto wa miaka miwili aliuawa na aligeta ukingoni mwa ziwa dogo lililo mbele ya hoteli ya wageni. Bao lilikuwapo lililokataza kuogelea, lakini halikutaja aligeta. Mgeni hajui siri ya maji ya watu. Asipoambiwa wazi, atajuaje?

Baada ya Vita ya Pili mamba wa Ziwa Victoria waliwindwa sana. Wawindaji walikwenda usiku kwa mashua, wakamulika macho yao kwa taa na kuwapiga risasi. Ngozi zikapelekwa Ulaya zikafanywa mikoba na viatu. Hata kufika mwaka 1960 mahali pengi walikuwa wachache sana. Ndipo mataifa yakapatana kuizuia biashara hiyo, na mapatano hayo yakaanza kutumika mwaka 1975. Mamba wakaongezeka tena. Jambo hili ni jema kwa nchi, lakini gharama yake haikugawanywa sawasawa. Huko Luganga, Uganda, alikamatwa mwaka 2005 mamba mkubwa ambaye wanakijiji walisema ameua watu zaidi ya 80. Hakuuawa, alipelekwa katika shamba la mamba la Buwama, na wageni wakaenda kumtazama kama zamani walivyokwenda kwa Lutembe.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twafurahi wageni wanapokuja Grumeti kuwatazama nyumbu wakivuka mto. Lakini tuangalie tofauti. Mgeni humwona mamba akiwa ndani ya motokaa, naye hupewa maji ya kuoga hemani. Mama wa pwani humwona mamba akiwa ameinama, ndoo mkononi, maji yamefika magotini. Mamba ni mmoja. Waliotofautiana ni watu wawili na maji yao.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zaruhusu wafiwa kupewa fedha ziitwazo kifuta machozi. Jina hilo lasema kweli: machozi hufutwa, lakini aliyekwenda harudi. Bora zaidi ni vizimba, yaani ua wa chuma uliojengwa ndani ya maji ili watu wateke bila hofu. Vijiji kadhaa vya pwani mkoani Mwanza vimejengewa. Na bora kupita vyote ni maji yaliyo karibu na nyumba. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulichimba malambo mengi. Hayakuchimbwa kwa ajili ya mamba, lakini kila aliyepata maji mbali na mto alipunguziwa hatari.

Basi, ninyi vijana wa shule, shikeni haya. Msiteke maji kila siku mahali pamoja na saa ile ile. Msioge mtoni jioni wala usiku. Msitupe matumbo ya samaki penye bandari ya kutekea. Na mkimwona mgeni akisimama ukingoni, mwambieni kwa adabu arudi nyuma. Nanyi wazee, katika baraza ya kijiji likija neno la kuchagua, tangulizeni kisima. Kijiji chenye kisima chaweza kumwacha mamba akae kwake, nacho kikae kwake.